Utupu wa Sebuleni

4 Februari

Shemeji Fundi,

Daktari wa mifupa amesema leo asubuhi kwamba mguu wangu umepona. Plasta imekatwa, magongo yamerudishwa hospitali, na nimepanda ngazi za ofisini peke yangu, ingawa mhariri anadai nilipanda kama mtu aliyebeba kabati mgongoni. Hiyo ndiyo habari mpya. Sasa salamu.

Mama hajambo. Amepata meno ya bandia. Anayavaa wakati wa maongezi na kuyavua wakati wa kula, jambo ambalo daktari wa meno anasema ni kinyume kabisa cha maelekezo. Anauliza kama bado unapiga mluzi ukiwa kazini. Mimi nimerudi kwenye vikao vya baraza la mji, ambako wanajadili bomba lile lile walilokuwa wakilijadili kabla sijavunjika mguu.

Jambo lenyewe ni hili. Mdogo wangu, ambaye ni mke wako kwa cheti nilichokitia sahihi kama shahidi, alikuja hapa Novemba kuniuguza. Sababu ilikuwa mguu. Mguu umepona. Yeye hajagusa sanduku lake. Leo, baada ya kusikia kauli ya daktari, alitoka akarudi na sindano za cherehani na kitambaa cha mapazia ya chumba anacholala. Kazi yangu imenionyesha watu wengi wanaohama, lakini sijamwona hata mmoja anayekishonea mapazia chumba anachokihama.

Sijamwambia kitu. Nikianza tu, ananiuliza kama nimemeza dawa.

Usipige simu. Ukipiga, yeye anasimama mlangoni anasikiliza, na wewe unajibu "mhm" tu kama mgonjwa anayepimwa koo. Andika.

Shemeji yako,
Mwandishi


27 Februari

Shemeji Mwandishi,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na meno yake, na kwa wote walio nyumbani. Barua yako ilifika wiki iliyopita nikaisoma nimekaa juu ya friji, maana viti viko nyuma ya mengine. Nimefurahi sana kuhusu mguu. Mguu ni kitu muhimu. Mwambie Mama mluzi upo, ila siku hizi hakuna wa kuniambia ninyamaze, kwa hiyo nachoka mapema. Jirani yangu muuza vioo amepata mjukuu, na amekuwa hashikiki kwa furaha. Mvua imenyesha kidogo. Huku ni kuzuri.

Sasa nina jambo, na wewe ni mtu wa magazeti, unajua watu wa kuuliza. Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea friji bovu, nikalifungua nikakuta vitabu. Alikuwa amelifanya kabati, na siku ya kulileta akasahau kuyatoa yaliyomo. Kimoja kinahusu anga. Nimeanza kukisoma, na shemeji, sijielewi.

Kazi yangu unaijua. Nikishaziba palipotoboka, kabla sijatia gesi, naunganisha pampu na kuvuta kila kilichomo ndani ya mabomba, hewa na unyevu, kisibaki kitu. Halafu nafunga valvu naangalia geji. Mshale ukitulia, mabomba ni mazima. Ukipanda, kuna mahali panapovuja, unaanza upya. Mafundi wengine hawasubiri, wanatia gesi hapo hapo na mteja anarudi baada ya mwezi akitukana. Mimi nasubiri. Na ndiyo katika kusubiri huko nasoma. Basi fikiria, miaka yote hii nimekuwa nikitengeneza utupu kwa mikono yangu bila kuuheshimu!

Kitabu kinasema kati yetu na jua karibu hakuna kitu. Kati ya nyota na nyota hakuna kitu. Halafu kinasema hata ndani ya vitu vyenyewe, ukienda chini kabisa kwenye zile chembe, sehemu kubwa ni tupu. Ukiwakamua watu wote wa dunia utupu walio nao, watakaobaki wanaenea kwenye kipande kimoja cha sukari. Mimi, wewe, baraza la mji lote na bomba lake.

Lakini sikiliza hili. Pamoja na utupu wote huo, kila kitu kinakivuta kila kitu. Hakuna kisichovutwa. Kijiko kilichoko jikoni kwako kinakivuta cha kwangu hivi sasa ninavyoandika, na cha kwangu kinakivuta cha kwako, hata kama ni kwa nguvu ndogo namna gani. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikachemsha chai. Nikamimina vikombe viwili. Kimoja ilibidi nikimwage.

Mengine hakuna. Nyumba ipo.

Fundi


15 Machi

Shemeji Fundi,

Mama anasema ukichoka kupiga mluzi upige makofi. Yeye hajambo; meno sasa yanakaa ndani ya kikombe juu ya redio. Nami sijambo.

Barua yako ina kurasa nne. Habari nilizopata humo ni mbili: muuza vioo ana mjukuu, na nyumba ipo. Zilizobaki ni anga. Swali moja tu ambalo mume wa mtu angeliuliza, kwamba mkewe anarudi lini, halimo. Nimelitafuta hadi nyuma ya bahasha.

Na mimi nina swali la kisayansi. Ikiwa watu wote wa dunia wanaenea kwenye kipande cha sukari, imekuwaje mafriji yako hayaenei kwenye karakana?

Nitaandika niliyoyaona mwenyewe nyumbani kwenu Agosti iliyopita, ili tusije tukabishana baadaye. Kutoka mlangoni hadi jikoni nilipita kwa ubavu. Nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye mlango wa friza. Niliomba sukari, nikafungua mafriji matatu. La kwanza lilikuwa na spana, la pili lilikuwa na mafriji mengine kwa vipande, la tatu ndilo lilikuwa na chakula. Meza ya kukatia ya mdogo wangu, ile ndefu anayotandazia vitambaa vya mapazia, ilikuwa bado inaonekana. Oktoba ulililaza juu yake friji la bucha. Ulisema ni la siku mbili. Novemba alipokuja kwangu lilikuwa bado limelala, na kazi ya mapazia ya shule alikuwa ameikosa. Haya ni maelezo yangu. Yeye bado anashikilia kwamba alikuja kuniuguza.

Nilimsomea barua yako. Alikuwa anapiga pasi. Kwenye kijiko aliguna. Kwenye vikombe viwili alizima pasi, akasema ilikuwa imepata moto sana. Naripoti bila maoni.

Mafriji ni mangapi? Nataka namba.

Mwandishi


6 Aprili

Shemeji Mwandishi,

Salamu sana. Nilichelewa kwa sababu ya kazi, na kwa sababu niliandika barua mbili nikazichana. Mjukuu wa muuza vioo ana afya na analia kwa sauti ya kompresa mbovu. Nimemwambia babu yake kwamba gharama za kumtengeneza ni kubwa. Mimi mzima.

Uliomba namba. Wewe ni mtu wa namba, shemeji, mimi ni mtu wa kazi. Friji lisilo na mlango ni friji? Na mlango usio na friji tuuhesabu wapi? Kuna moja nalitumia kuwekea nguo tangu mwenzangu ▬▬▬▬ tangu aje kukuuguza. (Hapo nimekata neno, usilichunguze.) Na kila moja lina mwenyewe. Yule wa bucha amehamia mji mwingine, ni kweli, lakini alipoondoka aliniambia atarudi. Mtu akiniambia atarudi mimi namwamini. Nimezaliwa hivyo.

Sasa ngoja nikuulize, na hili niulizie kwa mtu anayejua, si kwa mhariri wako. Mwenzangu aliacha chupa yake ya chai, ile ya bluu yenye kifuniko kilichopasuka. Ile ndani ina kuta mbili za kioo, na katikati ya kuta wamevuta hewa yote, ni tupu. Ndiyo maana chai inakaa na moto hadi jioni: joto haliwezi kuvuka utupu. Vizuri. Lakini kati yetu na jua pia ni utupu, tena mkubwa kiasi ambacho kitabu kinashindwa kuueleza bila masifuri, na joto la jua linatufikia kila asubuhi bila wasiwasi. Kwa nini utupu wa chupa unazuia na utupu wa mbinguni unapitisha? Nimeikodolea macho hiyo chupa wiki nzima. Muuza vioo amesema niende nikapimwe.

Kama utupu unazuia joto, basi mtu akikaa mbali hata umpashe vipi hapati. Kama unapitisha, basi kuna matumaini. Naomba jibu la kisayansi tu.

Fundi


20 Aprili

Shemeji Fundi,

Neno ulilolikata nimelisoma dirishani kwa kuinua karatasi kwenye mwanga. Ni "aondoke". Wino wako ni mwepesi.

Mama mzima. Mimi mzima. Baraza la mji limekubaliana kuunda kamati ya bomba.

Kuhusu chupa: nimemwona mwalimu wa fizikia wa sekondari iliyo mkabala na ofisi yetu. Nilimkuta akisahihisha mitihani na alifurahi kupata kisingizio cha kuacha. Anasema neno la vitabuni ni ombwe, na kwamba joto lina njia tatu. Linapita kwa kugusana, linapita kwa kubebwa na hewa au maji, na linapita kama mwanga unavyopita. Ombwe linazifunga njia mbili za kwanza. Ya tatu haliwezi kuifunga, na ndiyo hiyo jua linayoitumia. Hata kwenye chupa yako joto lingevuka kwa njia hiyo, ila kuta za ndani zimepakwa rangi ya fedha, kama kioo cha kujitazamia. Linafika kwenye kioo, linarudishwa lilikotoka. Maneno yake: "Utupu haujamnyima mtu jua. Kinachorudisha ni kile kioo."

Kuhusu vijiko: anasema ni kweli vinavutana, lakini nguvu yenyewe ni ndogo mno, usitegemee uone kijiko kikisogea. Akaongeza kwamba mtu akitaka kijiko kisogee, akishike.

Nilimsomea mdogo wangu majibu haya wakati wa chakula. Alisema, "Huyo mwalimu ana akili." Kisha akauliza kama ameoa, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Ameoa.

Sasa habari ambayo hukuiomba. Amepata kazi ya mapazia ya ukumbi wa chuo, ya kumfikisha Juni mwishoni. Anakata vitambaa sakafuni sebuleni kwangu, amepiga magoti. Mgongo unamuuma na Mama amechomwa na pini mara mbili. Jana alienda kwa seremala kuulizia meza ndefu ya kukatia. Hajaagiza. Meza ya aina hiyo haibebeki kwenye garimoshi, shemeji. Mtu akiiweka mahali, ameiweka.

Mwandishi


11 Mei

Shemeji Mwandishi!

Salamu kwa wote, na leo zisome kwa sauti, maana nina furaha.

Ulitaka namba. Namba ni sifuri.

Ulipoandika habari za seremala sikulala vizuri, na asubuhi nilianza kupiga simu. Kila mwenye friji niliyempata nilimwambia aje achukue, lililopona na lisilopona. Wengi walikuwa wamesahau kama wana mafriji. Mwenye saluni alikuja akaliangalia la kwake akasema si la kwake, akaliangalia tena akasema kumbe ni lake, akalia kidogo. Yule wa bucha nilimpata huko alikohamia. Alicheka hadi simu ikakatika, akanipigia mwenyewe akaniambia niliuze. Yaliyobaki alikuja kuyabeba mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, safari baada ya safari, na majirani wametoka nje kama wanaangalia harusi. Muuza vioo alinikodisha stoo yake ya nyuma, na mafriji ya wateja kuanzia sasa yatakaa huko. Hakuna litakalovuka kizingiti cha nyumba hii isipokuwa letu la chakula.

Shemeji, sebule haina kitu! Nimesimama katikati nikapiga kofi, ukuta ukanijibu. Nilikuwa sijui kwamba sakafu yetu ni nyekundu. Kuna mwanga unaingia kwenye dirisha la upande wa barabarani ambao sikumbuki kuuona tangu tuhamie, unatambaa ukutani hadi mchana.

Na sikufanya nusunusu. Kitabu kimenifunza, na geji imenifunza, kwamba ukibakiza hata unyevu kidogo hujavuta kitu. Kwa hiyo viti vilienda, kabati lilienda, zulia lilienda, na hata meza. Mnunuzi wa vyuma alichukua vyote kwa mpigo. Sasa ni utupu mtupu. Mwambie mwenzangu alichokuwa anakidai kipo, kizima, hakijaguswa.

Nasubiri jibu.

Fundi


2 Juni

Shemeji Fundi,

Salamu zipo.

Nilimsomea barua yako hadi "hata meza". Hapo aliinuka akaenda chumbani na kufunga mlango. Mama alivaa meno, jambo ambalo hulifanya pale tu anapotaka kusema kitu, akasema, "Mkwe wangu ni mjinga, lakini si mvivu."

Mdogo wangu jana, akiwa anakunja kitambaa, alisema yafuatayo, nami namnukuu neno kwa neno: "Ameishi na hiyo pampu miaka yote. Anavuta hewa ili atie gesi. Tangu lini alimrudishia mteja friji lenye utupu ndani akamwambia limepona? Sikumwomba nyumba tupu. Nilimwomba mahali pa kufanyia kazi." Mwisho wa kunukuu. Ni mara ya kwanza anakiri kwamba aliwahi kuomba kitu.

Leo saa nne asubuhi seremala alikuja kupima sebule yangu. Ataanza kuitengeneza meza tarehe 20. Mbao amekwisha zichagua.

Meza yake iko wapi? Jibu upesi, na anga uliweke pembeni.

Mwandishi


9 Juni

Shemeji,

Wote muwe wazima. Barua yako ilifika juzi, na siku ile ile nilitoka kuitafuta meza.

Nilikwenda kwa mnunuzi wa vyuma. Viti vimeuzwa, kabati limeuzwa, na la zulia hataki hata kulizungumzia. Meza aliiuza kwa klabu ya wazee wanaocheza tenisi ya meza, kwenye ukumbi ulio nyuma ya posta. Nikaenda mbio. Mlango ulikuwa wazi, na kabla sijaiona niliisikia, tiki-taka, tiki-taka.

Shemeji, wameipaka rangi ya kijani. Wamechora mistari myeupe pembeni na mmoja katikati unaokwenda urefu wote, na wamefunga wavu kwa skrubu. Katibu wa klabu ni kinyozi. Nilimweleza kwamba meza hiyo ni ya mke wangu na niliiuza kwa makosa. Akauliza makosa gani. Nikaanza kumweleza kuhusu utupu. Akasema, "Mzee, kuna watu wanasubiri zamu."

Nikamwambia kwa kifupi: mke wangu hayupo kwa sababu ya meza hii. Hapo aliacha kucheza.

Tumeelewana hivi. Wana friji la soda pale ukumbini lililokufa tangu mwaka jana. Nilitengeneze, na meza wanirudishie, na mimi niwatafutie mbao za kutengenezea nyingine inayofuata vipimo, maana ya kwetu ni fupi na washindani wao wanalalamika. Lakini meza haitoki kabla ya fainali yao, Jumamosi tarehe 5 Julai, saa nane mchana. Hilo hakukubali kulijadili.

Friji nilianza jana. Lilikuwa linavuja kwenye kona ya nyuma. Nimeziba, nimevuta, nikafunga valvu nikawa naangalia geji, na kwa mara ya kwanza sikuwa na kitabu, nimekirudisha kwa mwalimu. Mkunga mmoja mstaafu akanipa kibao cha kuchezea akasema mwanamume hawezi kukaa bure hivyo. Alinifunga mchezo mzima bila kuhamisha mguu wake wa kushoto. Mshale ukatulia. Nikatia gesi. Sasa linagandisha.

Alichosema mwenzangu kuhusu gesi nimekisoma mara nyingi. Ni kweli.

Uliniambia nina swali sijaliuliza. Naliandika peke yake hapa chini, usije ukasema nimelificha angani.

Anarudi lini?

Fundi


18 Juni

Shemeji Fundi,

Seremala amesema jana jioni, kwenye ngazi za ofisi yangu, kwamba ameambiwa asianze. Alikuja kuniuliza kama nina matumizi ya mbao zilizokwisha chaguliwa. Nimempa namba ya kinyozi wako.

Mama hajambo na anataka kujua umri wa huyo mkunga. Kamati ya bomba imekutana na kuchagua mwenyekiti. Mguu wangu unauma tu siku za baridi.

Barua yako nilimpa aisome mwenyewe. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Ana maswali mawili. La kwanza, ule mstari mweupe wa katikati, umenyooka kweli, au umechorwa kwa macho? Anasema kama umenyooka utamsaidia kukunja kitambaa kati kwa kati, jambo ambalo miaka yote amekuwa akilifanya kwa chaki. La pili, hiyo rangi ya kijani inaachia doa kwenye kitambaa cheupe? Majibu usiniandikie mimi. Pima kwa uzi, jaribu na kitambaa, umpe mwenyewe.

Swali lako nimelifikisha jinsi lilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja akazichomeka kwenye mto wake, kisha akasema: "Mwambie asithubutu kuibeba hiyo meza peke yake. Ataigonga mlangoni." Nilimwuliza kama hilo ni jibu. Akaniuliza kama nimemeza dawa.

Mapazia ya chuo anayamaliza mwezi huu. Ya chumba alicholala hapa ameyashusha leo na kuyakunja. Anasema kwangu dirisha ni dogo na yatamfaa Mama kama mashuka. Sanduku liko kitandani, wazi. Cherehani atakuja nacho, kwa hiyo utafute mtu wa kukusaidia kukishusha, na asiwe muuza vioo.

Tiketi ameikata leo. Ni ya kwenda tu. Alipoona naiangalia alisema za kwenda na kurudi zilikuwa zimekwisha. Nilipita stesheni nikitoka kazini kuthibitisha, kama nifanyavyo kwa kila kauli. Karani wa dirisha la pili amesema zipo, tena tele.

Garimoshi linaondoka hapa Ijumaa jioni na kufika huko Jumamosi tarehe 5 Julai, saa tatu asubuhi. Fainali ni saa nane.

Mwandishi